Usiku wa Nairobi na Lugha Yake: Milango Mitatu ya Kuingilia Jiji

Mgeni afikapo Nairobi huonyeshwa mambo yanayojulikana. Hupandishwa juu ya jumba la mikutano la kimataifa lililofunguliwa mwaka 1973, akaliona jiji lote chini yake. Hupelekwa katika mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1946, ambako twiga huonekana na majumba marefu nyuma yake. Hupitishwa mbele ya Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan iliyo jirani nao. Na jua likichwa hurudishwa hotelini au huandamana na mwenyeji wake hadi kwenye ukumbi wa dansi. Mkazi wa jiji ana ramani nyingine: Gikomba, Kariokor, River Road, na mwisho wa safari chumba cha kupanga. Hizi ni ramani mbili za mji mmoja, na mwandishi atakaye kuusimulia mji huo hana budi kuchagua ataingilia mlango gani.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza iwapo mwandishi anausifu mji au anaulaani. Swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi, na jibu aghalabu ni lile lile: kijiji huhifadhi, mji huharibu. Liko swali jingine lisiloulizwa sana, nalo ni la lugha. Usiku wa Nairobi ulizungumzwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kwa nini basi ulipoandikwa kwa undani uliandikwa kwa Kiingereza? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama milango mitatu: mlango wa hoteli, mlango wa River Road, na mlango wa dansi.

Jiji na Majina Yake

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kambi ya wajenzi wa reli. Jina lake ni la Kimaasai na maana yake yahusu maji baridi. Lakini majina ya mitaa ya mashariki, ambako Waafrika waliruhusiwa kukaa wakati wa ukoloni, mengi ni ya Kiswahili au yamepita katika kinywa cha Kiswahili: Pumwani, Majengo, Ziwani, Makongeni, Shauri Moyo. Kariokor ni matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kibera ni neno la Wanubi, askari waliopewa ardhi pale. Kijiji cha kale cha Pangani kilipobomolewa mwaka 1939, wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo. Magharibi ya mji, majina kama Karen na Lavington yanaeleza bila maelezo zaidi nani alikaa wapi.

Majina haya si pambo la ramani. Yanaonyesha kuwa Kiswahili cha Nairobi hakikuletwa na shule. Kilijengwa katika nyumba za kupangisha, ambamo watu wa lugha nyingi walihitaji kununua chai, kukodi kitanda, kudai deni na kutongozana. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, ameonyesha jinsi wanawake waliofanya kazi hiyo walivyoweza kumiliki nyumba Pangani na Pumwani na kuwa wenye nyumba wa mji huo. Hoja yake ni ya historia ya uchumi, lakini ina maana kwa mwanafunzi wa lugha pia: nyumba hizo zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili cha mjini kilitumiwa kila siku, na hasa kila usiku. Kwa hiyo mhakiki anayeudhani usiku wa mji kuwa jambo la upuuzi, lisilostahili fasihi, anakipuuza chumba kimojawapo ambamo lugha anayoifundisha ililelewa.

Mlango wa Hoteli

Riwaya ya Kiswahili iliyoingia katika usiku wa Nairobi bila aibu ni ya mwandishi wa Tanzania. Katika Kufa na Kupona (1974), Elvis Musiba anamtuma mpelelezi wake, Willy Gamba, kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kuzifuatia siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Wahakiki waliiweka riwaya hii katika kundi la fasihi pendwa na kuiacha humo. Walikosea. Kwa upande wa lugha, Musiba alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuendesha gari kwa kasi, kuagiza kinywaji na kumshuku mtu aliyeketi meza ya pili, bila ya kuazima mwendo wa lugha nyingine. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, ni lazima kusema anachokosa. Willy Gamba ni mgeni, na macho yake ni ya mgeni. Jiji kwake ni njia inayounganisha hoteli, kilabu na maficho ya adui. Wanawake wa usiku ni wazuri au ni hatari, na pengine ni yote mawili, lakini hawana kesho yake asubuhi. Mpelelezi halipi kodi ya nyumba, na asiyelipa kodi hawezi kuufahamu usiku wa Nairobi, kwa kuwa usiku huo unaongozwa na mshahara na tarehe ya mwezi. Mlango wa hoteli unafunguka kwa urahisi, lakini unaishia ukumbini.

Mlango wa River Road

Aliyepita mlango wa pili ni Meja Mwangi. Katika Going Down River Road (1976), Ben, aliyekuwa askari, ni kibarua katika ujenzi wa jumba liitwalo Development House. Pamoja na rafiki yake Ocholla, hupanda orofa baada ya orofa ya jumba ambalo hawatapata kazi ndani yake likimalizika. Wini, mwanamke anayeishi naye, anatoweka na kumwachia mtoto. Ben anapokosa chumba anahamia katika kibanda cha Ocholla, na askari wa jiji huvichoma vibanda hivyo, navyo hujengwa tena. Hapa ulevi hauelezwi kwa mahubiri. Wanaume hawa wanakesha baani kwa sababu wanakorudi ni mahali pasipo na cha kurudia. Mwangi anaziunganisha kazi ya mchana na pombe ya usiku hata moja haieleweki bila ya nyingine. Na hili ndilo Musiba hakuweza kulifanya.

Marjorie Oludhe Macgoye, katika Coming to Birth (1986), anaingia katika jiji hilo hilo pamoja na mwanamke. Paulina anafika kwa treni mwaka 1956, katika Hali ya Hatari, akiwa msichana wa miaka kumi na sita aliyekuja kwa mumewe. Anapotoka hospitalini anapotea njia, na kupotea huko kunamfundisha Nairobi kuliko maelezo yoyote ya mumewe. Mji kwa Paulina unaanza kwa kuwa maze ya njia zisizo na mtu wa kumwuliza, kisha unakuwa mahali anapopata kazi, sauti na nafsi yake. Riwaya ya Kiswahili ilikuwa imezoea kumpeleka msichana mjini ili aanguke. Macgoye alimpeleka mjini ili akue.

Lakini tatizo la lugha linabaki. Ben na Ocholla wangezungumza lugha gani juu ya jengo lile kama si Kiswahili? Msomaji wa Mwangi anasoma Kiingereza, lakini ajuaye River Road anasikia Kiswahili chini yake: matusi, utani, malalamiko ya siku ya mshahara. Riwaya yote ni kama tafsiri ya kitabu cha Kiswahili ambacho hakikuandikwa. Jambo kama hili, kwa namna nyingine, linaonekana katika Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982, miaka miwili baada ya matini yake ya Kikuyu. Mwanzoni mwake tunaye Wariinga, karani aliyefukuzwa kazi kwa kumkataa mkubwa wake, kisha akafukuzwa chumbani Ofafa Jericho. Ni Nairobi halisi, yenye kodi na matatu, nayo imefika katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Aidha, Wariinga hakawii kuondoka mjini. Hadithi inasafiri naye kwenda Ilmorog.

Mlango wa Dansi

Iwapo riwaya ya Kiswahili ilibaki hotelini au ilisubiri kutafsiriwa, nyimbo hazikusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gabriel Omolo aliimba "Lunch Time", wimbo wa Kiswahili wenye jina la Kiingereza, kuhusu wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana: mwenye fedha aenda kula, asiye nazo aenda kujilaza bustanini hata saa ya kurudi kazini ifike. Ingawa wimbo huu ni wa mchana, ulichezwa usiku, na waliocheza walikuwa ndio hao waliolala bustanini. Hapana mahubiri wala machozi. Mna uchunguzi na kicheko cha mtu anayejitambua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi ya Les Wanyika, iliyotokana na Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga kutoka Tanga, ilitoa "Sina Makosa". Maudhui yake ni mafupi: mwanamume anamwambia mwenzake aliyemkasirikia kwamba hana hatia, kwa maana mwanamke anayesababisha ugomvi huo hamilikiwi na yeyote kati yao. Tukiupima wimbo huu kwa vipimo vya maadili ya kijijini tutauona mwepesi. Tukiupima kwa hali ya mji, ambako hapana wazee wa kuamua, hapana mahari iliyolipwa, na kila mmoja ni mpangaji, tunaona swali zito: haki ya mtu juu ya mtu hutoka wapi pale ukoo usipokuwapo? Riwaya nzima ingeweza kujengwa juu ya swali hilo.

Fani yake nayo yastahili kuangaliwa. Kiswahili cha nyimbo hizi ni chepesi, chenye sentensi fupi zinazorudiwa, na msamiati ambao Mtaita, Mluyia na Mtanzania wote wanaufuata. Bendi zenye asili ya Kongo, kama Super Mazembe na Virunga ya Samba Mapangala, ziliongeza Kilingala ndani yake bila ya kumpoteza msikilizaji. Hiki si Kiswahili kilichoharibika. Ni Kiswahili kilichopimwa kwa masikio ya ukumbi uliojaa watu wasio na lugha ya mama moja.

Hata hivyo, mhakiki hana ruhusa ya kuzisifu nyimbo hizi kupita kiasi. Waimbaji karibu wote ni wanaume. Mwanamke anagombaniwa, anabembelezwa, analaumiwa. Kwa nadra anajibu. Wimbo humpa msikilizaji hali moja na kuiacha, wala hauwezi kumfuata Paulina kwa miaka ishirini. Kwa hiyo mlango wa dansi unaingia ndani ya nyumba, lakini hauonyeshi vyumba vyote.

Ben Aseme Kiswahili Gani?

Sababu ya pengo hili inaonekana wazi mtu akijaribu kutafsiri ukurasa mmoja tu wa Mwangi darasani. Ben aseme Kiswahili gani? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ben akisema sanifu kamili, anageuka kuwa mtu wa Unguja aliyepotea kwenye jengo la Nairobi. Akisema Sheng ya leo, anakuwa kijana wa wakati mwingine, kwani Sheng hubadilika haraka kuliko kitabu kinavyochapishwa. Mwandishi wa Kiingereza hakukabiliwa na shida hii: Kiingereza chake kilikuwa mbali na mitaa yote kwa kiasi kile kile, na umbali huo ulimpa uhuru. Mwandishi wa Kiswahili yuko karibu mno, na mwalimu wa sarufi amesimama nyuma yake.

David Maillu, aliyekwisha kuyasimulia maisha ya makarani na wakubwa wao kwa Kiingereza katika After 4.30 (1974), alijaribu njia nyingine mwaka 1989. Katika Without Kiinua Mgongo alichanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, kama wanenavyo watu wengi wa ofisini na wa baani. Jaribio hilo lina kasoro: mchanganyiko ukifuatwa ukurasa kwa ukurasa huchosha, na mara nyingine huonekana umepangwa na mwandishi kuliko kuzaliwa na mhusika. Lakini swali lililomsukuma Maillu ni sahihi, na waliomcheka hawakulijibu.

Nyimbo zinaonyesha njia ya kati. Waimbaji wale hawakuandika sanifu ya kamusi, wala hawakuandika msimbo wa kijiwe kimoja. Walichagua Kiswahili chepesi cha watu wote, wakakipa mdundo, na hali ya mji ikasikika ndani yake. Riwaya inaweza kujifunza hapo. Msimulizi atumie Kiswahili kilichonyooka, na wahusika watofautishwe kwa mwendo wa usemi wao, kwa wanachokitaja na wanachokinyamazia, badala ya kurundika maneno ya mtaani ili kuthibitisha kwamba mwandishi aliwahi kufika.

Tangu mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtoto wa Kaloleni au Majengo hukutana nacho darasani kama lugha ya mtihani, kisha hurudi nyumbani kukisikia kikiishi maisha mengine. Asipopata kitabu kinachoyaunganisha maisha hayo mawili, atahitimisha kwamba Kiswahili cha kitabu si chake, na kile cha mtaani kwake si lugha. Hitimisho hilo likienea, hasara itakuwa ya idara za lugha kwanza. Kwa hiyo inafaa "Sina Makosa" na Kufa na Kupona zisomwe darasani pamoja na Going Down River Road, na mwanafunzi aulizwe kila moja imeingia jijini kwa mlango gani, na ni nani aliyeachwa nje.