Kylie, Fundi wa Dakika Tatu

Mwigizaji wa tamthilia akitangaza kwamba sasa ataimba, watu hucheka kwanza, kusikiliza baadaye. Kylie Minogue alichekwa sana. Waaustralia walimjua kama Charlene, msichana fundi magari katika tamthilia ya Neighbours. Alipoingia kwenye muziki, wakosoaji walimbandika jina: kasuku aimbaye.

Mimi naona tamthilia ile ndiyo iliyomfunda. Kipindi kinachorushwa siku tano kwa wiki hakimpi mtu nafasi ya kudeka. Unapewa maneno, unayashika, unasimama mbele ya kamera unalia kama ulivyoagizwa, kisha unapangusa machozi na kuingia onyesho lingine. Mwaka 1987, baada ya kibao chake cha kwanza kushika namba moja kwao kwa wiki saba, alisafiri hadi London kurekodi na maprodyuza Stock, Aitken na Waterman. Wenyewe walikwishasahau kama anakuja. Siku ya Kylie kurudi kwao ilipowadia ndipo walipokaa kumtungia wimbo, kwa dakika kama 40 hivi, naye yuko nje anangoja. Akaitwa, akajifunza mstari mmoja mmoja pale pale kwenye maikrofoni, akaimba, akawahi ndege. Wimbo huo ni I Should Be So Lucky, uliokaa kileleni Uingereza wiki tano mwaka 1988. Jina lake linazungumzia bahati, lakini niambie ni nani asiye na mazoezi angeifanya kazi ile kwa muda ule!

Sauti yake si kubwa, tukubaliane. Whitney Houston angemfunika kwa pumzi moja. Anachokijua Kylie ni wapi atabasamu ndani ya neno, wapi alivute, wapi apumue hadi kila msikilizaji ajihisi ndiye anayeambiwa. Katika Can't Get You Out of My Head, wa mwaka 2001, anaimba kwa sauti ya chini, bila haraka, na mdundo unamfuata yeye. Miaka sita kabla yake alikuwa ameimba na mwanamuziki Nick Cave, akivaa nafsi ya mwanamke aliyeuawa. Pale uigizaji na uimbaji huwezi kuvitenganisha, wala sioni sababu ya kujaribu.

Waliomcheka wengi wao hawasikiki tena. Februari 2024, akiwa na miaka 55, Kylie alitunukiwa Grammy kwa wimbo wa Padam Padam.