Silabi Mbili za Shule

Litamke polepole: shu-le. Silabi mbili, kila moja imeishia kwenye irabu, na mkazo umekaa palepale Kiswahili kinapoupenda, silabi ya pili kutoka mwisho. Linapita katikati ya yule, kule na vile bila mtu kugeuka kulitazama. Mwambie bibi wa Tukuyu kwamba ni neno la Wajerumani, atakucheka. Lakini ndivyo lilivyo, na hiyo Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg.

Wao walilitoa kwenye Kilatini, schola, nacho Kilatini kililitoa kwa Wagiriki. Ulaya karibu nzima inalo, na wengi limewapa taabu ileile: konsonanti mbili mlangoni. Wahispania waliweka irabu mbele, escuela. Wahungaria nao, iskola. Wafini waliitupa s, koulu. Wafaransa waliongeza e, kisha s ikawadondoka njiani, wakabaki na école. Wajerumani wenyewe waliziyeyusha zile konsonanti zikawa sauti moja, sh, na hapo ndipo bahati yetu ilipo. Neno lilipofika kwetu, kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa.

Wazanzibari walilipata kwa Waingereza, wakasema skuli. Jamaa wa Unguja mniwie radhi, ile sk bado inakwaruza. Ng'ambo ya mto Songwe, Kichewa cha Malawi kiliipasua kwa irabu: sukulu. Mpaka wa mto huo, unaotenganisha sukulu na shule, ulitokana na maafikiano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na mwaka uliofuata Wamoravia kutoka Ujerumani wakafungua misheni Rungwe. Mwaka huohuo, 1891, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani kule Lugalo. Baadaye jina lake likaja kuwekwa ubavuni mwa neno lao, Shule ya Sekondari Mkwawa, pale Iringa, na sijasikia mtu aliyeshtuka. Neno lilikuwa limeshakuwa letu: lina ngeli, linapokea -ni, lina misemo yake. Asiyejua kitu hana shule. Watoto wadogo wana shule ya vidudu, na sijui Mjerumani gani angeielewa hiyo.

Ndani ya darasa wamo ndugu zake wa damu ambao hawajuani. Kalamu tuliipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, kwao ikiwa unyasi. Karatasi ilipita njia hiyohiyo. Mwanafunzi wa Mafinga anayeandika kwa kalamu kwenye karatasi akiwa shuleni ameshika Kigiriki mara tatu, kimoja kimemfikia kwa meli za kaskazini, viwili kwa majahazi.

Umbo, basi, halina dosari. Maana ndiyo iliyopotea njiani. Kwa Wagiriki skholē ilikuwa nafasi: muda ambao mtu hana kazi ya mkono, amekaa na wenzake wanazungumza. Mazungumzo yakageuka mafunzo, mafunzo yakapewa mahali, na mahali pakarithi jina. Sasa simama Uyole mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi. Mtoto anakuja na sweta lililochanika kiwiko, ufagio kwapani, dumu la maji mkononi, vidole vimekufa ganzi. Muulize anakwenda wapi. Atakujibu kwa silabi zile mbili, akianza kukimbia maana namba zinakaribia kuhesabiwa. Atafagia, atamwagilia bustani, atasimama mstarini, ndipo aingie darasani.

Saa nne mtu atagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Watamwagika uwanjani, wakae juani kwa makundi, mmoja ana muhindi wa kuchoma wanaugawana punje kwa punje, wanabishana juu ya mpira na juu ya mwalimu wa hesabu. Sisi tunaita mapumziko. Mgriki wa kale angeangalia saa yake, kama angekuwa nayo, aseme shule imeanza.