Umri wa Njiti Huhesabiwa Mara Mbili

Baridi ya Ufipa mwezi Juni hairuhusu mtoto akae bila nguo. Kwa hiyo nesi anayeijua kazi, hapa Matai wilayani Kalambo, hushughulika na mizani kwanza: anaitundika usawa wa macho yake, anapachika suruali ya kupimia, anarudisha mshale kwenye sifuri. Ndipo anamwambia mama amvue mtoto.

Kwa mtoto njiti, uangalifu huo ni lazima. Mizani ya mshale ina vistari vya gramu 100, na njiti wa kilo mbili anayekua vizuri huongeza takriban gramu 30 kwa siku. Ukimpima leo na kesho hutaona kitu. Mpe wiki, mshale utapanda vistari viwili.

Kisha inakuja kalamu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Tuseme mvulana amezaliwa wiki ya 32 ya ujauzito, yaani amewahi kwa wiki 8. Sasa ana miezi minne na kilo 4.8. Ukifuata tarehe ya kuzaliwa tu, chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inamweka kwenye utapiamlo mkali. Nesi anatoa zile wiki 8, anamsoma kama mtoto wa miezi miwili, na mtoto yumo kwenye uzito wa kawaida. Hesabu hiyo ndogo inamwepusha mama na hofu ambayo ingemfanya amwanzishie mtoto uji wa ulezi mapema, na inampa jibu la kumpa bibi anayedai maziwa ya mama ni mepesi. Hata hivyo nukta moja haimtoshi nesi. Anataka kuona mstari unavyopanda mwezi hadi mwezi.

Ajabu ni kwamba kwenye chanjo hatoi hata siku moja. Huko anafuata tarehe halisi ya kuzaliwa, kwa mtoto yuleyule, kwenye kadi ileile.

Halafu utepe wa kupimia kichwa: juu kidogo ya nyusi, kuzunguka hadi kisogo kilipochomoza zaidi. Anapima mara tatu, anaandika kipimo kikubwa. Mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri, mama anatabasamu, lakini kichwa kikianza kukimbia kuliko mwili, nesi anamketisha mama, anamweleza polepole anachokiona, na anamwandikia rufaa ya Sumbawanga siku hiyohiyo.