Kioo kikubwa si jibu: kompyuta ya mtu mwenye uoni hafifu

Mwambie muuzaji wa kompyuta, Karatu mjini au Arusha, kwamba mtumiaji haoni vizuri, na mara nyingi ataanza kukuonyesha vioo vikubwa. Nia ni njema. Ila kabla ya kuuliza inchi, ni heri kujua kama mtu huyo atasoma kwa macho, kwa masikio, au kwa vyote viwili.

Tuseme ni mwanafunzi mwenye ualbino, mkazi wa kata ya Endamarariek. Ualbino hugusa retina na mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo, ndiyo maana miwani humsaidia kiasi tu. Macho hucheza yenyewe, na mwanga mkali humuumiza. Mtu huyu hasomi akiwa mbali na kioo, hukisogelea. Tena anafanya hesabu sahihi, kwa sababu ukipunguza umbali kwa nusu, herufi huonekana kubwa maradufu bila kulipia chochote. Shida ni kwamba kompyuta mpakato imeunganisha kioo na kibodi. Anayekisogelea kioo hujikunja juu ya meza, mikono ikakosa nafasi, na baada ya saa moja shingo inalalamika. Kibodi ya pembeni ya USB humaliza tatizo hilo: mashine inainuliwa juu ya kitu imara hadi kioo kilingane na uso, vidole vikibaki chini. Kioo kiwe kile kisichong'aa, la sivyo mlango ukifunguliwa mchana, mwanga wote wa nje utamrudia machoni.

Kuhusu inchi, kuna mtego. Kioo cha inchi 15.6 chenye nukta 1366 kwa 768 kina nukta kama 100 katika kila inchi. Chenye 1920 kwa 1080, kwa ukubwa uleule, kina 141. Cha kwanza kikiwashwa dukani huonyesha herufi kubwa zaidi, na mnunuzi hukipenda papo hapo. Zikuze herufi hizo, uone kingo zake zinavyochakaa. Mimi ningechukua cha pili.

Kukuza nako kuna mwisho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzaji cha Windows kitafunguka. Lakini ukikuza mara nne, unaona sehemu moja tu kati ya 16 za ukurasa. Soma jedwali la matokeo kwa njia hiyo: jina la somo liko huku, alama ziko kule, na katikati umeshasahau ulikuwa mstari gani. Kwa kazi ndefu, masikio ni bora.

Hapo ndipo ilipo NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuiandika mwaka 2006. James Teh, naye asiyeona, akajiunga, na mwaka uliofuata wakaanzisha shirika la NV Access. Hailipiwi, wakati JAWS, mpinzani wake mkongwe, ina leseni ya kununua. Kwa familia ya mkulima wa mahindi na mbaazi, fedha hiyo yote inaweza kwenda kwenye mashine.

Na mashine ya masikio huchaguliwa kwa vidole. NVDA huamriwa kwa kitufe cha Insert, na vitufe vya namba vya upande wa kulia humpeleka msomaji mstari kwa mstari: 7 uliopita, 8 huu, 9 unaofuata. Kompyuta ndogo za mtumba za inchi 12 hazina vitufe hivyo. Ajabu ya mambo, asiyeona kabisa anaweza kufaidika na mashine pana ya inchi 15.6 kwa sababu ya kibodi yake tu, kioo kisimhusu hata kidogo.

Kasi nayo isipuuzwe. Sauti inayochelewa kila unapobonyeza kitufe inachosha kuliko herufi ndogo, kwa hiyo dai diski ya SSD na RAM ya GB 8. Achana na mashine za mtumba zilizokwama kwenye Windows 7, maana NVDA iliiacha tangu toleo la 2024.1. Chromebook pia haiendeshi NVDA. Ina kisomaji chake.

Sauti ya Kiswahili imo, kupitia eSpeak NG inayokuja na NVDA. Inakwaruza kama roboti, lakini hueleweka hata ikikimbizwa. Ukiacha sauti ya Kiingereza isome Kiswahili, jina Endamarariek hata mwenyeji hatalitambua.

NVDA huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Nenda nayo dukani pamoja na hedifoni, na mtumiaji mwenyewe akae kwenye kibodi, siyo ndugu yake anayeona. Mwishoni jaribu betri bila chaja, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika. Anayesoma kwa masikio apunguze mwanga wa kioo hadi chini kabisa. Betri itadumu zaidi.