Bushi ya tundu: platinamu ilivyoikoa bunduki ya gumegume

Bunduki ya kushindilia inaweza kuwa na mtutu ulionyooka na mtambo mwepesi kama wa saa, lakini vyote hivyo hungoja tundu moja lenye upana wa kama 1.6 mm. Gumegume likikwaruza chuma, cheche huangukia kibakuli chenye baruti kidogo kilichoko nje ya mtutu. Mwako wake sharti upenye tundu hilo la ubavuni ndipo uifikie baruti iliyoshindiliwa ndani. Usipopenya, moto utaonekana na moshi utapanda, ila risasi haitoki.

Tundu hilo huliwa. Kila mlio unapotoka, gesi ya moto hurudi kwa kishindo kupitia humohumo. Baruti nyeusi huchanganywa kwa takriban sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za salfa, na haigeuki yote kuwa gesi: zaidi ya nusu ya uzito wake huwa masizi na chumvi zinazovuta unyevu. Gesi hukwangua chuma mchana, kutu hukila usiku. Tundu likipanuka, nguvu iliyopaswa kuisukuma risasi huvujia pembeni, na shabaha huanza kuyumba.

Mafundi bunduki wa London wa mwisho wa karne ya 18 walilitatua jambo hili kwa busara ninayoihusudu. Walitambua kwamba mtutu mzima hauna kosa. Kinacholiwa ni mahali padogo tu. Wakapatoboa, wakapachika bushi ya metali nyingine yenye tundu katikati. Walianza na dhahabu. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za Selsiasi, ilhali chuma hufika 1,538. Kama adui angekuwa joto peke yake, dhahabu isingefaa kitu. Thamani yake ilikuwa kwamba salfa na kutu haviidhuru.

Platinamu iliunganisha sifa zote mbili: haishiki kutu, na huyeyuka kwenye nyuzi 1,768. Kikwazo ni kwamba tanuri za siku hizo hazikuweza kuiyeyusha. Mkemia William Hyde Wollaston akapita njia nyingine. Aliyeyusha madini ghafi ya platinamu katika mchanganyiko wa asidi, akaitenga metali ikiwa unga, akaushindilia unga huo ukiwa na maji, akaukausha, akaupasha moto na kuufua hadi ukashikana. Mwaka 1805 alianza kuiuza London, na mafundi bunduki walikuwa miongoni mwa wateja wake kwa ajili ya matundu haya. Miaka miwili baadaye mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, alisajili hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali, na njia ya bunduki za fataki, yaani vikofia vyenye kemikali hiyo, ikafunguka. Hata huko, kifa kinachovalishwa fataki kilifanywa kipande cha kufungua na kubadilisha.

Leo wapenzi wa bunduki za gumegume, hasa Marekani, hutumia zaidi bushi za chuma kisichoshika kutu, zenye hesi. Katika kuchagua, tazama umbo la ndani kabla ya bei. Bushi nzuri imepanuliwa kama faneli upande wa baruti, hivyo njia nyembamba inabaki fupi sana. Njia ndefu ikijaa baruti huungua chembe baada ya chembe, kama utambi, na mlio huchelewa. Pia bushi isichomoze ndani ya mtutu, kwani itakwaruzana na kitambaa cha kusafishia na kukusanya masizi.

Bunduki za kisasa za kushindilia, ambazo kiwashio chake hukaa nyuma kabisa ya mtutu, zina tundu jembamba zaidi, la kama 0.7 mm, ndani ya kizibo cha nyuma. Likipanuka, gesi hurudi kwenye kiwashio, masizi hutapakaa, na kasi ya risasi hutofautiana kati ya mlio na mlio. Macho hayatoshi kulipima. Tumia pini yenye kipimo kinachojulikana: siku inapoanza kupita pini nene kuliko ile ya mwanzo, andika, na ujiandae kubadilisha.

Matunzo yake ni ya kila mara. Hakikisha kwanza bunduki haina kitu ndani. Fungua kizibo siku ileile uliyopiga, osha kwa maji ya moto, kausha, sugua masizi kwa mkono bila kulipanua tundu, kisha paka hesi grisi inayostahimili joto ili zisigande.

Bushi iliwekwa ili iliwe badala ya mtutu. Anayeona uchungu kuibadilisha ataulipia mtutu wenyewe.