Xenophon na Mchunga Baghala

Watu wengi wakikitaja kitabu cha Xenophon kiitwacho Anabasis, hutaja mambo mawili: vita vya Cunaxa, na siku ile askari walipofika juu ya mlima wakaiona bahari, wakapiga ukelele wa furaha. Siwalaumu, maana ndivyo tulivyofundishwa, na ukelele ule wavuma hata leo. Lakini nimekisoma tena kitabu hiki polepole, nami naona ya kuwa ushujaa mkubwa uliomo haumo katika kurasa hizo. Umo katika theluji ya Armenia, na tena katika hukumu moja ndogo iliyofanywa miezi michache baadaye, ambayo wasomaji wengi huipita bila kusimama.

Kwa asiyekijua kisa chenyewe, niseme kwa ufupi. Mwaka 401 kabla ya Kristo, Cyrus, nduguye mfalme wa Uajemi, aliajiri askari Wayunani zaidi ya elfu kumi ili amnyang'anye nduguye ufalme. Akauawa vitani, si mbali na Babeli. Kisha majemadari wa Wayunani wakaitwa kwa maneno ya amani na liwali mmoja wa mfalme, jina lake Tissaphernes, wakakamatwa, wakauawa. Askari wakabaki katikati ya nchi ya adui, hawana wakuu, hawana akiba, wala njia hawaijui. Wakachagua wakuu wapya, na Xenophon wa Athens akawa mmoja wao, wakashika njia ya kaskazini kuitafuta bahari. Walipoingia milima ya Armenia, majira ya baridi yalikuwa yamekwisha fika.

Sisi tuijuao theluji kwa kuitazama kileleni Kilimanjaro, nyeupe na ya mbali, ni vigumu kuiwaza kuwa ni adui. Xenophon atufundisha, naye hatufundishi kwa maneno makubwa. Usiku mmoja iliwaangukia askari walipokuwa wamelala nje, ikawafunika wao na silaha zao. Kulipokucha hapana aliyetaka kuinuka, na sababu aitoayo ni ya ajabu, wala sidhani mtu angeweza kuitunga akiwa amekaa nyumbani mwake: theluji iliyomlalia mtu ilimtia joto, maadamu haikuporomoka mwilini. Basi mwenyewe akajikaza, akaondoka pasipo vazi la juu, akaanza kupasua kuni. Punde mtu wa pili akaondoka, akampokea kazi ile. Kisha wengine, wakawasha moto, wakajipaka mafuta ya nguruwe na ya ufuta na ya lozi chungu yaliyopatikana mahali pale. Yapasa kukumbuka kwamba Xenophon ni mtu apendaye hotuba. Kitabu chake kimejaa hotuba, na nyingine huchosha. Hapa hakuhutubu. Alipasua kuni.

Baada ya kuvuka mto Frati, maji yakiwafika kitovuni, baridi ilizidi. Upepo wa kaskazini uliwapiga usoni (si kaskazi yetu iletayo majahazi, bali upepo ugandishao watu), hata mwaguzi wao akaamuru upepo utolewe sadaka. Theluji ilikuwa pima moja kwenda chini. Wakafa wanyama wengi, na watumwa wengi, na askari wapatao 30. Na hapo mwandishi aleta habari ambayo mtu wa kujisifu angeificha: waliotangulia kufika kambini walikuwa na moto, na waliochelewa hawakuruhusiwa kuukaribia mpaka watoe ngano au chakula kingine walicho nacho. Wenzi waliokula kiapo kimoja, waliopigana bega kwa bega, wakauziana moto!

Kesho yake watu walianguka njiani kwa njaa, naye Xenophon, aliyekuwa na kikosi cha nyuma, hakujua ni ugonjwa gani mpaka mtu mmoja mwenye kuyajua mambo hayo akamwambia kuwa wakila watasimama. Akaenda kwa wanyama wa mizigo akatafuta chochote kilicholika, akakigawa. Na waliokula wakasimama wakaenda. Wengine walipofuka macho kwa weupe wa theluji. Dawa yake ilikuwa kushika kitu cheusi mbele ya macho. Wengine vidole vya miguu viliwaoza. Ilimpasa mtu kutembea pasipo kutulia, na usiku kuvua viatu, maana viatu vyao vya zamani vilikuwa vimekwisha, nao walivaa ngozi mbichi za ng'ombe, na aliyelala navyo gidamu zilimzama katika nyama zikaganda. Mambo haya ayaeleza kama fundi aelezavyo kazi yake. Hapana pahali asemapo kwamba askari wale walikuwa mashujaa, nasi twamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Kisha aonyesha jinsi ushujaa unavyokwisha. Wagonjwa wakaona mahali peusi ambapo theluji imeyeyuka kwa ajili ya chemchemi itoayo mvuke, wakaketi, wakakataa kwenda mbele. Xenophon akawasihi, akawaambia adui wanakuja nyuma, mwisho akakasirika. Wakamjibu awachinje, kwa kuwa hawawezi kwenda. Hawa si waoga. Ni watu waliovuka mito na kupigana na wenyeji wa milima siku nyingi. Usiku ulipoingia na adui wakakaribia, wakigombana kwa kelele juu ya nyara, wazima wa kikosi cha nyuma waliwashambulia, na wale walioketi, wasioweza hata kusimama, walipiga kelele kwa nguvu zote walizosaliwa nazo, wakagonga ngao zao kwa mikuki. Adui wakatishika, wakajitupa bondeni. Katika kitabu chote sijaona shambulio linipendezalo kama hili, la watu waliokaa chini.

Sasa niifikie hukumu. Jeshi lilipokwisha fika pwani, pale Cotyora, wakuu walitakiwa watoe hesabu ya matendo yao, na watu wengine wakamshtaki Xenophon kwamba aliwapiga. Mmoja wao alikuwa mtu huru aliyewekwa na wenzake kuchunga baghala. Xenophon akamwuliza alipigwa wapi. Akajibu, pale baridi ilipokuwa ikiwaua. Hatimaye Xenophon akamtambua. Huyu ndiye aliyelazimishwa kumchukua mgonjwa asiyeweza kutembea, mizigo yake ikagawiwa wengine. Baadaye Xenophon alipomfikia njiani, alimkuta akichimba shimo amzike mgonjwa yule. Akasimama akamsifu kwa wema wake. Walipokuwa wamesimama hapo, maiti akakunja mguu. Waliokuwapo wakapaza sauti kuwa yu hai, naye mchunga baghala akasema na awe hai apendavyo, yeye hatamchukua tena. Ndipo Xenophon akampiga.

Mshtaki alikuwa na neno moja la kujibu: je, mgonjwa yule hakufa vile vile? Xenophon hakukana. Alisema kwamba sote tutakufa, wala hiyo si sababu ya kuzikwa tungali hai. Jeshi likapiga kelele kuwa mtu yule alipigwa mapigo machache mno.

Hapa ndipo nitofautianapo na wale wanaousifu ukurasa huu bila kuuliza neno. Jeshi lilipiga kelele kumwunga mkono mkuu. Lakini ni nani atusimuliaye kelele hizo? Ni mshtakiwa mwenyewe. Kitabu chote ameandika kana kwamba asimulia habari za mtu mwingine, akisema Xenophon alifanya hivi, Xenophon alisema vile. Na katika kitabu chake cha historia ya Wayunani aitaja habari ya safari hii kuwa imeandikwa na Themistogenes wa Syracuse. Wataalamu wengi hudhani kwamba aliandika miaka mingi baada ya safari. Basi mshtakiwa, shahidi na karani wa baraza ni mtu mmoja, na mchunga baghala hakuandika kitabu. Tena Xenophon ajitetea kwa kujilinganisha na wazazi wapigao watoto na walimu wapigao wanafunzi kwa faida yao. Sisi walimu tusiifurahie mno hoja hii. Mtu yeyote apigaye huweza kuisema.

Hata hivyo namwamini katika jambo hili, na sababu yangu si ile hoja ya walimu. Asema pia kuwa aliwapiga wengine waliokuwa wameketi kwenye theluji, kwa kuwa siku moja yeye mwenyewe alikaa kitako kitambo akingoja watu, akaona jinsi ilivyo taabu kuinuka na kunyosha miguu. Mkuu atakaye kusifiwa tu hasemi hivyo. Alijua uzito wa theluji ile mwilini mwake kabla hajauona kwa wengine, na yale mapigo yalitoka kwa mtu aliyeogopa kitu kile kile.

Lakini kitabu kina upungufu ambao siwezi kuusamehe upesi. Walipofika Cerasus, pwani, askari walihesabiwa wakaonekana 8,600. Wengine, asema, waliuawa na adui na theluji, na wachache kwa maradhi. Watumwa wangapi? Hatuambiwi. Askari waliokufa katika upepo ule walipata hesabu, ijapokuwa ya kukadiria. Waliochukua mizigo yao walipata neno "wengi", wakatajwa pamoja na wanyama. Na yule jumbe wa kijiji cha Armenia, ambaye nyumba zao zilichimbwa chini ya ardhi, aliyewapa pombe ya shayiri ya kunywa kwa mirija na kuwafundisha kuwafunga farasi vifuko miguuni ili wasizame thelujini, alilipwa nini? Alichukuliwa kuwa kiongozi wa njia, na Cheirisophus, mkuu wa kikosi cha mbele, akampiga kwa kuwa hakuwafikisha vijijini, ingawa alisema katika nchi ile havipo. Akatoroka usiku, akamwacha mwanawe. Xenophon asema kuwa hili ndilo jambo la pekee lililomkosanisha na Cheirisophus katika safari nzima, na hilo ni la kumsifu; lakini habari ya mtoto yamalizika kwa maneno machache, kwamba askari mmoja alimpenda akampeleka kwao Uyunani, akamwona mwaminifu sana. Baba yake hatajwi tena.

Mwalimu asiyepata nafasi ya kukisoma kitabu kizima na aanzie kitabu cha nne, sura ya nne mpaka ya sita, kisha aruke mpaka kitabu cha tano, sura ya nane. Asome kwanza theluji, ndipo asome hukumu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alipopita Armenia hakutaja hata kidogo kwamba alimpiga mtu.