Picha ya Vita vya Lepanto

Kila mwaka, tarehe 7 Oktoba, sisi Wakatoliki twasherehekea sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Wakristu wengi wa Kolwezi, Likasi na Fungurume wameshika rozari tangu utoto wao. Lakini si wote wanaojua ya kuwa sikukuu hiyo ilitokana na vita vya baharini. Kwa hiyo twapenda kuitazama pamoja na wasomaji wetu picha moja ya zamani ya vita hivyo, tuone uzuri wake, na tuone pia upungufu wake.

Vita vilipiganwa tarehe 7 Oktoba 1571, karibu na Lepanto, katika nchi ya Ugiriki. Upande mmoja zilikuwa merikebu za Hispania, za Venezia na za Baba Mtakatifu Pius V, chini ya Don Juan wa Austria. Upande wa pili zilikuwa merikebu za Sultani wa Waturuki, chini ya Ali Pasha. Kila upande ulikuwa na merikebu za makasia zaidi ya 200. Jioni Ali Pasha alikuwa amekwisha kuuawa, na Wakristu walikuwa wameshinda. Mwaka 1572 Pius V aliweka sikukuu ya shukrani; na mwaka 1573 Gregorius XIII aliiita sikukuu ya Rozari.

Paolo Veronese, mchoraji mashuhuri wa Venezia, aliichora picha yake mara baada ya vita, kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Si picha kubwa: kimo chake ni sentimita 169, na upana 137. Ilitundikwa karibu na altare ya Rozari katika kanisa la Mtakatifu Petro Mfiadini, huko Murano. Siku hizi imo katika nyumba ya sanaa ya Accademia, mjini Venezia.

Picha imegawanyika sehemu mbili. Juu, mawinguni, yupo Bikira Maria. Mbele yake mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, mfano wa mji wa Venezia, analetwa na watakatifu: Petro, Roko, Marko, na Yustina, ambaye sikukuu yake ndiyo siku ile ile ya vita. Chini ni bahari, nayo imejaa merikebu hata maji hayaonekani sana. Miali ya nuru yashuka juu ya merikebu za Wakristu. Upande wa Waturuki kuna giza, na malaika awatupia mishale ya moto.

Tusifu kwanza panapostahili sifa. Jicho la mtu haliwezi kukaa chini kwenye fujo ya milingoti na moshi. Lapanda lenyewe kwenda juu, penye utulivu. Mchoraji hakuandika neno lolote, walakini kila mtu aelewa: ushindi uliombwa, nao ukatolewa. Hayo ndiyo mahubiri ya picha, na yamehubiriwa vizuri.

Na rangi je? Watu wa nchi ya shaba wana haki ya kuuliza habari za rangi. Wachoraji wa Venezia wa siku zile walipata rangi ya kijani kutoka katika shaba, na buluu kutoka katika azuriti, jiwe la shaba lililo ndugu wa malakiti yetu. Walikuwa pia na buluu ya kioo kilichosagwa, kilichotiwa kobalti. Mawe hayo yalitoka katika machimbo ya Ulaya, si kwetu; lakini ajuaye jasho la mchimbaji hawezi kutazama mbingu zilizochorwa akasahau kwamba rangi yatoka ardhini, mikononi mwa watu.

Hapo ndipo twaona upungufu wa picha hii. Nyuso zote tunazoweza kuzitambua zi mawinguni. Chini hakuna mtu ambaye tungeweza kumjua kwa uso wake. Wako wapi wapiga makasia? Pande zote mbili walikuwamo watumwa na wafungwa, wamefungwa minyororo kwenye mabao yao. Baada ya vita Wakristu wapata 12,000, kama inavyosimuliwa, walifunguliwa katika merikebu za Waturuki. Kama kuna neno la Injili katika siku ile, ndilo hilo la wafungwa kufunguliwa. Veronese hakulichora.

Mchoraji mwingine, Andrea Vicentino, alichora vita hivyo hivyo katika jumba la watawala wa Venezia, mahali pa picha ya Tintoretto iliyoteketea kwa moto wa mwaka 1577. Hapo watu waonekana, wakisongamana na kuzama majini. Haina utulivu wa Veronese, lakini yatukumbusha bei ya vita.

Tena tusidhani ya kuwa mishale ya malaika ni fundisho la imani. Ni shukrani ya mji uliookoka hofu kubwa. Miaka miwili tu baadaye Venezia ilifanya amani na Sultani na kumwachia kisiwa cha Kipro. Na katika miaka ya 1960 Papa Paulo VI aliwarudishia Waturuki bendera iliyotekwa Lepanto. Tendo hilo latufundisha namna ya kuitazama picha: tuheshimu sala ya wazee wetu katika imani, bila kurithi uadui wao.

Sisi nasi tunayo hadithi ya vita vya majini. Mwaka 1915 Waingereza walizileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town hata Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba. Kisha zikashuka mto Lualaba, zikafika ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka merikebu ya Wadachi, Kingani. Na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Jina la kamanda wao, Spicer-Simson, lasomwa vitabuni. Waliokata miti, wakajenga madaraja na kuvuta kamba hawatajwi kwa majina.

Basi, vijana wachoraji wa Katanga, kazi ipo. Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya Kongo katika picha zipatazo mia moja, hakungoja kuitwa. Jifunzeni kwa Veronese namna ya kuliinua jicho la mtu kwenda mbinguni. Lakini mkichora mashua zile zikipanda Mitumba, wapeni sura wale walioshika kamba.